Elfu na Ushei Kutoka Kindu

Miaka ile ya vita nilikuwa nafundisha jiografia katika shule moja ya Kasuku, hapo hapo mjini Kindu, na nilijivunia jambo moja: umbali wa Kindu na Kinshasa niliujua kichwani. Zaidi ya kilomita elfu moja kwa njia ya angani, niliandika ubaoni, wakati hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kwenda. Mstari wa vita ulikuwa umeikata nchi vipande, na dada yangu mkubwa alibaki upande wa pili. Siku moja mama aliniuliza hizo kilomita zangu mtu anazitembea siku ngapi. Nikakasirika.

Dada akaolewa huko Kinshasa bila sisi. Tulipata habari kwa redio ya foni, sauti inakatika-katika, harusi imeshapita. Kwetu binti haendi kwa mume kabla mama yake hajamwekea mkono kichwani. Mama aliuweka mkono wake juu ya ile redio, na mwenye redio akamwacha. Akaapa kwamba binti atakayezaliwa na dada hataolewa hivyo.

Mwaka huu ikafika zamu ya mjukuu: Jumamosi, saa saba na nusu mchana, kwenye ofisi ya komine, wanakofungia ndoa za serikali, iliyo karibu na uwanja wa ndege wa Kinshasa. Ndege yetu ilipaswa kuondoka Kindu asubuhi na mapema. Haikuja. Nilimgombeza mtu wa tiketi, nikamgombeza aliyepima mizigo, nikaugombeza hata mchele wa Kibombo aliofungasha mama. Hatimaye tuliruka saa tano na nusu. Mwendo ni saa mbili hivi, na hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza: tungetua wakati ndoa inafungwa. Nililia angani, wala sioni haya kusema. Mama, ambaye ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, alitazama msitu chini akauliza kama ndio huo tu uliotuzuia miaka yote.

Tulipotua, saa yangu ilisema saba na nusu kamili. Saa ya ukutani pale uwanjani ilisema sita na nusu. Nikamwambia mpakua mizigo kwamba saa yao mbovu. Akacheka, akaniuliza kama nimetoka Mashariki. Ndipo mwalimu wa jiografia akakumbuka kuwa Kinshasa iko nyuma ya Kindu kwa saa nzima. Mganga hajigangi! Nilicheka kumshinda yeye, nikamshika mama mkono, tukatoka mbio.

Tulikuta maharusi wameshakaa. Afisa alikuwa anauliza ni nani anayesimama upande wa binti, na dada yangu alikuwa anainuka peke yake. Mama akapita katikati ya viti, akaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha mjukuu. Wa pili akauweka juu ya kichwa cha dada, naye akalia kama mtoto. Afisa akauliza huyu mama ni nani.

“Njo miye mama yao,” akasema kwa Kiswahili cha kwetu. “Chai ya leo nimekunywa Kindu.”