Mufunga Jile wa Boti ya Idjwi

Hebu mwone Papa Mardochée akifika bandarini Bukavu asubuhi, bidoni ya petroli begani. Kabla ya kugusa moteri, anapita kwa kila abiria, akimfunga jile ya kuelea kwa mikono yake mwenyewe.

“Papa, unanifunga sawa mbuzi ya soko?” mama mmoja anamtania. “Kikwembe yangu, hii kitenge nimevaa, itakunjamana.”

Mardochée hacheki. Mke wake Delphine alisema vivyo hivyo walipokuwa wakienda ndoa ya mdogo wake kule kisiwani Idjwi. Siku ile Mardochée alicheka, akamwachia apande bila jile. Mawimbi yakapindua boti. Yeye, mwenye jile, akaelea. Delphine akazama.

“Maman, kama hautaki, shuka,” anasema polepole.

Mama ananuna, lakini anafungwa. Je, ndugu yangu, wewe ungekubali mke wako anune siku ya ndoa ya mdogo wake, mradi amefungwa jile?