Simu yangu ilivuka ziwa usiku, mimi nikakosa kumuaga mama

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, mwaka jana, mama yangu alizikwa Litembo na mimi sikuuona uso wake kabla ya jeneza kufungwa.

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi humu. Elimu yangu ni darasa la saba na kazi yangu ni cherehani, kwa hiyo mnivumilie nikipindisha. Ninachoandika ndicho kilichonitokea. Mahali nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Kwanza niwaeleze nilipo. Mimi ni Mmatengo wa Litembo, huko juu kwenye kahawa na baridi. Nilioa ziwani, upande wa Liuli, nikahamia kijijini kwa mke wangu. Nashona sare za shule, nguo za kwaya, na mapazia ya watu wanaojenga.

Kijiji chetu kiko ufukweni kabisa. Mnara wa mtandao wetu uko nyuma ya kilima, kwa hiyo ndani ya nyumba simu haisomi vizuri. Ukitaka kuongea unapanda kilimani, au unaiweka simu kwenye dirisha linalotazama maji na kuomba Mungu.

Nilikuwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe, kwa miaka mingi. Kilikuwa kinakaa dirishani hapo na hakijawahi kuniangusha. Saa yake niliiweka mwenyewe kwa mkono siku nilipokinunua.

Mwezi wa sita mwaka huo nikanunua simu kubwa. Wateja walikuwa wananiambia, "Fundi, tutakutumiaje mishono kwenye kitochi?" Na kweli, simu kubwa ilinisaidia. Sina ugomvi na teknolojia, naomba hilo lieleweke mapema. Hata rambirambi za ndugu walio mbali ziliingia kwa simu hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye msiba.

Mama alifariki hospitalini Jumanne jioni. Alikuwa ameugua muda, hatukushangaa, lakini kutoshangaa hakupunguzi kitu. Kaka yangu Batholomeo alinipigia sana bila kunipata. Alinipata Jumatano mchana, nikiwa nimepanda kilimani kwa mambo yangu mengine.

"Mama ametutoka," akasema. "Tunazika kesho. Ibada saa tano, kuaga kabla ya hapo. Njoo na gari la alfajiri, utawahi."

Gari la kijijini kwetu ni moja, la kijana anaitwa Chale. Linatoka saa kumi na moja alfajiri na likishaondoka ndiyo basi mpaka kesho yake. La Jumatano lilikuwa limeondoka zamani.

Nikaenda kwa Chale jioni, nikamwambia. Akanipa pole, akasema, "Baba Editha, kiti cha mbele ni chako. Ila usichelewe, nina mgonjwa wa kliniki anawahi Mbamba Bay."

Usiku nikaitegesha simu initoe kitandani saa kumi. Nikaiweka dirishani, palepale pa kitochi, ili kaka akipiga nimpate. Mke wangu alikuwa Lituhi kwa dada yake aliyejifungua, na watoto alikwenda nao. Nilikuwa peke yangu.

Simu iliita saa kumi kama nilivyoitegesha. Nikaoga, nikavaa, nikafunga mlango. Nilifika kituoni simu inaonyesha saa kumi na nusu na kidogo. Giza bado. Hakuna mtu. Nikajisifu kwamba nimewahi.

Nikakaa kwenye gogo, nikasubiri.

Mwezi wa saba huku jua linachelewa, kwa hiyo giza halikunishtua. Nilimwaza mama. Alikuwa anachimba ngoro mwenyewe mpaka mwaka wa mwisho, na alikuwa hapendi mtu amsaidie kwa sababu alisema vijana wanachimba mashimo ya panya. Kwa wasiojua, ngoro ni yale mashimo ya Wamatengo ya kuzuia udongo usiteremke na mvua. Yeye mashimo yake yalikuwa yamenyooka utadhani kapima kwa kamba.

Akaja mama mmoja anayeuza mihogo ya kuchemsha, mama Neema, ameshika beseni.

"Fundi, mbona umekaa kama mgeni? Unamsubiri nani?"

"Namsubiri Chale."

"Chale yupi? Chale ameondoka kitambo! Alipiga honi hapa mpaka mbwa wakalia. Anakupigia, hupatikani. Abiria wakaanza kumsema, ana mgonjwa ndani ya gari."

"Mama Neema, bado hata saa kumi na moja."

"Kwa saa ya kwetu au kwa saa ya hiyo simu yako?"

Nikamwonyesha simu. Akacheka.

"Imevuka, fundi! Simu yako imelala ng'ambo!"

Halafu akaniangalia, akaona nilivyovaa, akaacha kucheka. Akaweka beseni chini. "Ulikuwa unaenda wapi?"

Nikamwambia. Akaweka mkono mdomoni.

Wakuu, jambo hili wenyeji wote wa ziwani wanalijua isipokuwa mimi niliyekuwa na kitochi. Ng'ambo ya maji ni Malawi. Minara yao inaleta mawimbi mpaka huku, hasa usiku. Simu kubwa ikikosa mnara wa nyumbani inashika wa kule. Ikishika wa kule, inachukua na saa ya kule, ambayo iko nyuma ya kwetu kwa saa nzima. Haikuulizi. Na ukiwa kwenye mnara wa kule bila kifurushi cha nje ya nchi, mtu wa nyumbani akikupigia anaambiwa hupatikani.

Vijana wa huku wanajua na wamezoea. Msichana akichelewa miadi anasema saa yangu imevuka. Kwao ni utani wa kila siku.

Basi nikatafuta bodaboda. Wa kwanza hakuwa na mafuta. Wa pili alinifikisha Mbamba Bay, vumbi tupu. Pale nikapata gari dogo la kwenda Mbinga, likasubiri lijae. Mnajua gari linavyosubiri lijae. Dereva anawasha injini, anasogea mbele hatua chache, anarudi palepale, ili tudhani tunaondoka.

Tulipoanza kupanda milima, nikiwa nimeshika simu mkononi, niliiona saa ikiruka. Ilikuwa inasoma muda mmoja, nikapepesa macho, inasoma mwingine. Imejirudisha nyumbani.

Halafu zikaingia meseji kwa pamoja. Chale alinipigia mara nyingi. Kaka alinipigia. Palikuwa na tangazo la kujishindia pikipiki. Na ya mwisho ilitoka kwa mtandao wangu wenyewe, inanikaribisha tena nchini na kutumaini kwamba nilifurahia safari yangu.

Niliisoma mara mbili. Abiria wa pembeni, mzee mmoja, akaniuliza, "Habari mbaya?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, habari naijua tangu jana."

Mbinga nikachukua pikipiki nyingine ya kupanda Litembo. Nilipofika nyumbani watu walikuwa wananawa mikono, wanakula ugali na maharage. Ukiona watu wanakula, hakuna cha kuuliza.

Kaka alinifuata nje ya uzio. Alikuwa na udongo kwenye suruali.

"Tulikusubiri," akasema. "Tulimfunua, tukamfunika, tukamfunua tena. Padre alikuwa na maziko mengine Mapera. Akasema tufunge."

Nikamweleza kuhusu simu. Baba mdogo alikuwa amesimama pale akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nyie watu wa ziwani mna maneno. Simu imekwenda nje ya nchi, wewe umebaki. Ilipata pasi ya kusafiria wapi?"

Watu wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya. Msibani watu hucheka. Kaka hakucheka. Mpaka leo sijui kama aliniamini siku ile. Baadaye alisema aliniamini, na sijamuuliza zaidi.

Najua kuna mtu atauliza, kwa nini hawakukupigia picha? Kwetu maiti haipigwi picha usoni. Marehemu baba alikataza na hakuna aliyelitengua neno lake. Sikuomba, na hata leo siombi.

Aliyenisaidia ni mama mdogo Festa, anayemfuata mama kwa kuzaliwa. Ndiye aliyemuosha na kumvisha. Alinishika mkono tukaenda kaburini, tukakaa chini pembeni kwenye majani makavu ya kahawa. Akaniambia bila kuulizwa: alivaa sare yake ya kinamama wa kanisani, ile ya buluu. Kitambaa cheupe kichwani. Rozari ya mbao mkononi, kwa sababu ile ya plastiki alikuwa haipendi.

Nikamuuliza, "Uso wake ulikuwaje, mama mdogo?"

Akafikiri. "Kama mtu aliyetembea sana, akapata pa kukaa."

Tukakaa pale mpaka baridi ikashuka. Akanifunika na khanga yake nusu, nusu akabaki nayo.

Hiyo ndiyo sehemu ya msiba. Nimeieleza ili muelewe kwa nini nilipiga simu kwa kampuni ya mtandao wangu.

Sikupiga mapema. Nimepiga juzi, mwaka umepita, baada ya kijana mmoja wa kijijini kukosa usaili wa kazi Mbinga kwa sababu hiihii. Nikaona kumbe si mimi tu. Salio langu lililokatwa usiku ule, simu ikiwa kwenye mnara wa kule, sikulidai wala silidai. Nilitaka jambo moja.

Nilipanda kilimani kwanza. Nikasikiliza muziki wao, nikabonyeza namba walizosema, nikasikiliza muziki tena. Akapokea dada mwenye sauti ya upole. Nikamweleza kuhusu saa, nikamtajia tarehe ya usiku ule.

"Mfumo unaonyesha usiku huo ulikuwa nje ya nchi, kaka."

"Dada, nilikuwa kitandani kwangu."

"Nakuelewa kaka, ila mfumo unasoma kwamba ulivuka mpaka."

"Nilivuka na kitanda?"

Akacheka kidogo, akajizuia. "Samahani kaka. Unaweza kuniambia ilikuathiri vipi?"

Nikamwambia. Kwa kifupi, kama nilivyowaambia ninyi, bila ile sehemu ya kaburini.

"Pole sana," akasema. Sauti ilikuwa nyingine, siyo ile ya kusoma. "Mama aliitwa nani?"

"Apolonia."

"Mungu ampumzishe mama Apolonia."

Nikashukuru. Nikamwambia ombi langu. Mnatutumia meseji za kushinda pikipiki kila siku, na mnajua simu ikivuka, maana mnatukaribisha ikirudi. Basi watumieni watu wa ziwani meseji moja, kwa Kiswahili, kwamba wazime saa ya kujibadilisha yenyewe.

"Nitaliandika kama maoni ya mteja," akasema. "Ila kaka, sikudanganyi, sijui yanafika wapi."

Nilimheshimu kwa hilo.

Maoni yangu kuhusu makampuni haya, kwa kuwa mnapenda kuuliza. Sidhani kama ni watu wabaya. Nadhani ramani yao inaishia mjini, na sisi tulio pembeni tunaonekana kwao kama watu wanaosafiri kila usiku. Aliyetengeneza simu naye hakukosea sana, alimfikiria mtu anayepanda ndege, ambaye saa yake inapaswa kubadilika. Hakumfikiria mtu aliyelala maji yakiwa chini ya dirisha.

Kwa hiyo kama uko Mbamba Bay, Liuli, Lituhi, au popote unapoona ng'ambo, ingia kwenye settings, tafuta tarehe na saa, zima automatic, uweke muda kwa mkono. Halafu sehemu ya mtandao, uchague wa nyumbani wewe mwenyewe, usiiachie simu ichague. Mnaokaa mpakani na Msumbiji, huko Liparamba, sina hakika kama yanawapata haya. Mnaojua mtuambie. Na kama kuna mtu humu anafanya kazi kwenye kampuni hizi na anajua maoni ya wateja yanafika wapi, naomba aandike hapa chini. Matusi kwa kampuni sihitaji, nimeshayasikia yote kijiweni.

Jana jioni, nikiwa nimekaa kilimani naandika haya, kampuni ilituma meseji mbili.

Ya kwanza iliuliza kama tatizo langu limetatuliwa. Nikajibu hapana.

Ya pili iliuliza nampa alama ngapi, kati ya moja na tano, mhudumu aliyenihudumia. Nikajibu tano.