Viti Vilivyokataliwa Oldonyiro

Saa moja asubuhi, na mtaa wa Wabera mjini Isiolo umeshaamka zamani. Bodaboda zinapishana na watoto wa shule, mwenye duka la jirani anapanga mikate dirishani, na ndani ya kibanda cha mabati kando ya barabara Everline Nakolong anapiga randa. Maranda yanamwangukia miguuni, mengine yamenasa kwenye nywele. Hajali. Anafumba jicho moja, anautazama ubao kwa urefu wake, kisha anapiga tena.

Mlangoni ameketi baba yake, Mzee Lokuruka. Nyuma ya mzee kuna viti vipya vyenye migongo, vimepakwa vanishi hadi vinang'aa. Hajakalia hata kimoja. Ameketi juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho mkononi, akakikalia mchana na kukilalia kichwa usiku.

"Huyu ndiye mzee wangu," Everline anasema bila kuinua kichwa. "Tangu nifungue hii karakana, hajawahi kukalia kitu nimetengeneza."

"Nikikaa huko juu miguu inaning'inia," mzee anajibu. "Kwani mimi ni kuku?"

Wanacheka wote wawili. Utani huu wameurudia mara nyingi sana, na bado unawapendeza.

Isiolo haina uhaba wa mafundi wa vitanda na makochi. Everline, mwenye umri wa miaka thelathini na saba, alichagua ofisi: meza za kazi, makabati, kuta za mbao za kugawa chumba, na hata namna chumba chenyewe kitakavyokaa ili mtu afanye kazi bila kuumia mgongo. Mwanzoni watu walimwona ana kichaa kidogo. Nani Isiolo ataagiza meza ya kompyuta, na kitanda cha harusi bado hajamaliza kulipia?

Alizaliwa Gotu, upande wa Ngare Mara. Ukame ulipomaliza mifugo ya nyumbani, baba yake alihamia mjini na kuwa mlinzi wa ghala. Everline alijifunza useremala katika chuo cha ufundi, msichana peke yake darasani, kisha akaenda Nairobi kufanya kazi kwenye karakana iliyotengeneza samani za ofisi za kisasa. Huko ndiko alikoona kitu kilichomvutia: ofisi ambamo hakuna mtu mwenye meza yake.

"Leo unakaa dirishani, kesho unakaa karibu na choo," anaeleza. "Unachukua mahali umepata. Nikasema, hii kitu ni nzuri. Inapunguza bosi kujiona bosi."

Alirudi nyumbani na wazo hilo kichwani. Na wazo hilo ndilo lililokaribia kumharibia jina.

Mwaka jana, chama kimoja cha wafugaji kilijenga ofisi kando ya soko la mifugo la Oldonyiro. Wanachama wengi ni Waturkana na Wasamburu. Vijana wao walitaka mahali pa kutumia kompyuta, kuangalia bei za masoko mengine na kuweka kumbukumbu za mbuzi waliouzwa. Wazee walitaka mahali pa kuzungumzia bei kivulini. Kuta zilipoisha, kazi ya ndani akapewa Everline. Ilikuwa kazi yake kubwa kuliko zote.

Alitengeneza meza moja ndefu, yenye matundu ya kupitishia nyaya, na viti vyepesi vinavyofanana kila kimoja. Hakuna cha mkubwa wala cha mdogo. Alivipakia vyote kwenye lori, akavifuata Oldonyiro, na akajaa vumbi hadi kwenye kope.

Wazee walimshukuru sana. Wakaomba baraka, wakanywa chai. Kisha Emuria, mzee anayeongoza chama hicho, akashika mgongo wa kiti kimoja na kuuliza swali ambalo Everline hajalisahau.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya mtu yeyote, mzee."

"Na mwenyewe akikuja?"

"Hakuna mwenyewe. Ni ya wote."

Emuria alikitazama kile kiti kwa huruma, akakisogeza pembeni, akaweka ekicholong yake sakafuni na kuketi mbele ya meza. Wengine wakafuata. Msomaji, hebu fikiria hali ilivyokuwa: wanaume wazima wamepanga videvu vyao usawa wa meza, mikono imepandishwa juu kutafuta vikombe.

"Nilitaka kucheka na nilitaka kulia," Everline anasema. "Nikasema watazoea."

Hawakuzoea. Wiki kadhaa baadaye alipiga simu kuuliza hali. Aliyepokea ni Racho, mwanamke wa Kiborana aliyeajiriwa kuwa karani wa chama, na Racho si mtu wa kuzungusha maneno.

"Fundi, viti vyako vinalala vizuri," alimwambia. "Tumewekea magunia ya chumvi ya ng'ombe. Wazee wako nje na vigoda vyao, vijana wanaona aibu kukaa ndani wazee wakiwa juani. Mimi peke yangu ndiye niko kwa meza, kama mwalimu amekimbiwa na darasa."

Kisha akamwambia lililo zito. Kulikuwa na mazungumzo ya kurudisha kila kitu Isiolo na kuligeuza jengo kuwa stoo. Wangeamua baada ya soko lililofuata.

Kwa fundi, kazi kurudishwa ni msiba. Lori lingepita barabara ile ile, mchana kweupe, na kila anayemjua angeona meza yake ikirudi. Chombo kikirudishwa, jina la aliyekitengeneza hutangulia kufika mjini. Nani angempa kazi tena?

Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba alipaswa kujua. Nani asiyejua, kati ya Waturkana, kwamba ekicholong ya mtu haikaliwi na mwingine? Mwanamume hujichongea mwenyewe, kwa kipimo chake. Hata mwanawe haruhusiwi kuikalia. Na Everline, aliyelelewa hatua chache kutoka kwa ekicholong ya Lokuruka, alikuwa amewapelekea wazee vile vile viti visivyo vya mtu.

"Niliambia mzee," anasema, akimnyooshea baba yake randa. "Alicheka mpaka akakohoa."

"Nilicheka," mzee anakiri. "Amesoma viti za watu wote, akasahau yangu."

Mcheka kilema hafi bila kumfika, wahenga walisema, lakini siku ile Everline hakuwa na hamu ya methali. Siku ya soko iliyofuata alipanda gari kwenda Oldonyiro na msumeno wake. Hakumweleza mtu lolote. Alitandika leso chini, ndani ya ile ofisi, akaketi kwa kimo cha mtu aliyekalia kigoda, na akabaki hapo asubuhi nzima.

Ndipo akaona. Au tuseme, hakuona. Madirisha ya ofisi yalikuwa yamewekwa kama madirisha yote ya ofisi, kwa kimo cha mtu aliyesimama au aliyekaa kwenye kiti. Kutoka pale chini aliona mbingu tu, na mwewe mmoja. Mbuzi aliwasikia, madalali aliwasikia, lakini soko lenyewe halikuonekana.

"Mfugaji humwambii akae mahali haoni wanyama wake," anasema. "Hata ukimpa kiti ya dhahabu. Nilikuwa nimefikiria shida ni viti. Kumbe shida ilikuwa kiti, meza na ukuta, zote tatu."

Alimwendea Emuria akamwomba mambo mawili: siku chache, na ruhusa ya kuvunja ukuta.

"Akaniuliza, 'Umeharibu ndani, sasa unataka kuharibu na nje?'" Everline anatabasamu. "Nikamwambia mzee, keti mahali nilikuwa nimeketi. Akaketi. Akaangalia juu. Halafu akasema, vunja."

Mwashi alishusha madirisha ya upande wa soko hadi karibu na goti. Everline akaikata meza yake mwenyewe. Sasa upande mmoja ni mrefu, kwa anayetaka kusimama au kutumia kiti, kisha meza inashuka ngazi hadi kimo cha kigoda, na ukingo wake wa chini umechongwa kwa mviringo ili magoti na shuka wanazovaa vipate nafasi. Viti vilivyokataliwa alivivunja. Miguu ya viti ikawa vigingi ukutani, safu nzima karibu na mlango, kila mwanachama na chake. Mzee akiingia anakaa kwenye kigoda chake. Akitaka kutoka bila mzigo, anakitundika, na hakuna atakayekigusa.

Viti viwili vilisalimika kwa sababu Racho alivikalia kabisa. "Niliwaambia mimi ni Mborana, mimi nataka kiti iko na mgongo," anasema kwa simu. "Na mgeni wa serikali akikuja tunampatia hiyo ingine. Yeye hana kigoda, maskini."

Siku wazee walipoingia upya, Emuria aliketi, akaegemeza kiwiko mezani na kutazama nje.

"Sasa naona mbuzi," alisema. Lori halikuitwa.

Leo ofisi hiyo hujaa. Vijana hukaa chini pamoja na wazee, kompyuta kwenye meza fupi, na mzee mmoja asiyejua kusoma ndiye mwepesi zaidi wa kuuliza bei za leo. Zahanati moja ya Ngare Mara imemwita Everline apange chumba cha kungojea. Safari hii alianza kwa kukaa sakafuni.

Maisha bado si mteremko. Stima hupotea katikati ya kazi, mbao za kutoka Meru hupanda bei bila kubisha hodi, na kuna miezi ambayo vitanda vya wateja wachache ndivyo vinavyolipa kodi ya kibanda. Ndoto yake ni kupanga ofisi za masoko yote ya mifugo ya kaunti ya Isiolo, kila moja kwa ukaaji wa watu wake.

Na kuna jambo moja dogo. Kwenye ule ukuta wa Oldonyiro, kigingi cha mwisho hakina kitu. Emuria alisema ni cha fundi. Everline alimkumbusha kwamba kwa desturi mwanamke hana ekicholong. Mzee akamjibu kwamba hata madirisha hayakuwa hapo chini kwa desturi.

Mlangoni, Mzee Lokuruka amechukua kipande cha mti mgumu na anakichonga polepole kwa kisu. Juzi alimwambia binti yake aketi kidogo juu ya gogo, eti aone kama gogo ni imara, kisha akapima kwa kiganja kutoka ardhini hadi kwenye goti la binti.

"Anasema ni ekicholong yake mwenyewe," Everline ananong'ona. "Na yake iko hapo amekalia, haijavunjika."

Amemuuliza ni ya nani?

"Sijamuuliza. Nangoja amalize."