Mwaka Marlys Aliposimika Hema

Marlys Tollefson hakuwa mtu wa porini. Alizaliwa shambani, huko Dakota Kaskazini, na baba yake alizoea kusema kwamba mtu aliyejaliwa paa juu ya kichwa chake, kisha akaenda kulala chini ya turubai, anamkufuru Mungu. Marlys aliyashika maneno hayo mpaka alipoolewa na Duane. Huyu Duane kazi yake ilikuwa kuezeka mapaa ya watu, lakini mwenyewe, Julai ikishaingia, hakutulia chini ya paa lolote.

Basi kila Julai walifunga safari kwenda kwenye hifadhi ya taifa upande wa magharibi wa jimbo, mahali mto ulipoichimba ardhi ikabaki vilima vya udongo wa rangi rangi. Duane ndiye aliyesimika hema, akawasha moto, akakaanga soseji, akawabeba watoto mabegani. Marlys aliwapaka watoto dawa ya mbu na kuuliza wanarudi lini.

Mwezi wa Februari Duane alipanda juu ya ghala la jirani kuondoa theluji, akateleza, akaanguka. Mgongo ulivunjika. Madaktari wakauunga kwa vyuma, akaweza kutembea tena, polepole, kiuno kikiwa kimebanwa kwa mkanda mpana, naye ameonywa asinyanyue kitu kizito kuliko galoni la maziwa, yaani kilo nne hivi. Mifupa ilipona vizuri. Mwenyewe ndiye ambaye hakupona. Alikaa dirishani toka asubuhi hadi jioni akitazama ukuta wa gereji ya jirani, ukimsemesha anajibu ndiyo au hapana. Nyumba nzima ikaingia baridi ambayo kuni hazikuiondoa.

Siku moja Marlys alikuwa anapita na kapu la nguo. Akamwona binti yake mkubwa, Brynn, aliyekuwa darasa la kwanza, amemziba mdomo mdogo wake Owen kwa kiganja ili asicheke, baba yao asije akasikia. Owen macho yamemtoka, na kicheko kimemkwama kooni. Marlys aliendelea na kapu lake. Hakuwagombeza. Wakati wa chakula cha jioni akatangaza kwamba mwaka huu wanakwenda kambini kama kawaida.

Duane aliweka uma chini. "Nani atasimika hema?"

"Mimi."

Duane alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. Marlys kilimchoma, lakini alijaza sahani ya Owen viazi na kuendelea kula.

Habari zikamfikia mama mkwe, Ardis, naye akaja na bakuli la tambi na nyama lililofunikwa kwa karatasi ya bati, jambo alilofanya kila alipokuwa na neno.

"Mwanangu ni mgonjwa," alisema, "wewe unataka kumlaza chini kama mbwa?"

"Atalala kitanda cha kukunja, mama. Nimeshakiazima kwa mchungaji."

"Na huyu Tessa? Mtoto bado yuko kwenye nepi."

"Hata hapa nyumbani yuko kwenye nepi, mama."

Ardis akauliza kama wangependa kuchukua lile bakuli waende nalo kambini.

Marlys akaanza kujifunza nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza hema lilisimama kama ng'ombe aliyevunjika mguu, na jirani akachungulia juu ya ua kumuuliza kama analianika. Akalishusha, akaanza upya. Viganja vikatoka malengelenge, akavifunga vitambaa, akaanza tena. Duane alimwona kupitia dirisha la jikoni. Marlys akabaini kwamba kiti chake kilikuwa kimehama. Sasa hakikuelekea gereji, kilielekea uani.

Lakini uani si porini. Siku waliyofika hifadhini upepo wa nyika ulikuwa umeamka kwa hasira. Marlys alimweka Duane kwenye kiti cha kukunja chini ya mti, akampakatisha Tessa, akawapa wale wakubwa kazi ya kushika kamba. Hema likavimba, likawavuta watoto kama tiara. Duane akaanza kuelekeza: kigingi kile kilaze, kamba ile ifupishe, si hivyo, geuza, nimesema geuza. Sauti ikazidi kupanda. Kwenye kambi ya jirani mzee mmoja na mkewe wakajifanya wanasoma gazeti.

Marlys alinyooka, nyundo mkononi, nywele zimemfunika uso. "Duane, kila neno unalolisema ni kweli. Lakini mimi nina mikono miwili tu, na masikio yangu yameshajaa. Niache nikosee mwenyewe."

Duane akafumba mdomo. Marlys akapiga vigingi vya upande wa upepo kwanza, akaketi juu ya turubai ili lisiruke, akajikokota kwa makalio kutoka pembe hadi pembe. Owen alicheka mpaka akakaa chini, na safari hii hakuna aliyemziba mdomo. Hema lilisimama limeinamia mtoni kidogo, lakini lilisimama.

Kesho yake asubuhi upepo ulikuwa umetulia. Marlys alikuwa kwenye jiko la gesi akigeuza chapati za maji, Brynn ameenda bombani kuchota maji, hatua chache tu ng'ambo ya njia, karibu na choo cha mawe. Marlys alipoinua macho akaona nyati dume wa Marekani anatoka kwenye vichaka vya mto. Alikuwa peke yake, nundu juu, ndevu zikipangusa majani, mwili mkubwa kama pikapu yao. Alitembea bila haraka, akaja kusimama katikati ya njia, kati ya mama na mtoto wake.

Marlys aliangusha mwiko. Miguu ilishaanza kwenda aliposikia sauti ya Duane nyuma yake, tulivu kabisa.

"Usikimbie. Ukimkimbilia, atakukimbilia." Kisha akapaza sauti kidogo tu, kama mtu anayemwita mtoto mezani. "Brynn, mwanangu, weka ndoo chini. Rudi kinyumenyume mpaka chooni, ingia, funga mlango. Usimtazame yeye, nitazame mimi. Hivyo hivyo. Hivyo hivyo, mama."

Brynn alirudi nyuma, macho kwa baba yake, mpaka mlango ukafungwa. Hapo ndipo Marlys akapumua. Duane akawaingiza wadogo ndani ya gari, Owen akimsukuma Tessa kutoka nyuma, naye akabaki amesimama ameshika mlango.

"Atakaa hapo mpaka achoke," alisema. "Inaweza kuwa asubuhi nzima."

"Mtoto hawezi kukaa peke yake chooni asubuhi nzima."

"Marlys."

"Sikimbii. Nazunguka."

Duane alimtazama, kisha akamwonyesha kwa kidole: apite nyuma ya kambi ya wale wazee, ashuke ukingoni, aje kutokea upande wa nyuma wa choo, miti ikiwa kati yake na mnyama muda wote. "Mimi namwangalia. Akigeuka, nitakuita, nawe utasimama hapo hapo nyuma ya mti."

Marlys alikwenda. Tope la ukingoni lilimvua kiatu kimoja, akakiacha. Kila alipofika kwenye mti alitazama nyuma, Duane akatikisa kichwa kwamba endelea. Alipogonga mlango na kujitambulisha, Brynn alifungua, akamkumbatia kiunoni, akasema huku ndani kunanuka sana. Wakakaa humo wakiimba nyimbo za shule ya Jumapili mpaka zikaisha, wakaanza kutunga zao.

Nyati naye alienda kujikuna. Alichagua kamba za hema. Akasugua shingo upande huu, akageuka akasugua upande ule, hema likalala chini, akakanyaga juu yake na kushika njia ya vilimani.

Askari wa hifadhi alipofika aliwapa pole, akasema kambi iliyo karibu na lango ina nafasi, wakitaka wahamie. Duane alimgeukia mkewe, akimwachia yeye neno. Marlys alikuwa na kiatu kimoja, tope mpaka magotini, na chapati imeungua jikoni.

"Tunabaki," alisema. Akamgeukia mumewe. "Ufito wa katikati una uzito gani?"

Duane aliunyanyua, akaupima mkononi. "Haufiki galoni la maziwa."

"Basi ushike."

Akaushika, wima, muda wote mkewe alipokuwa akipiga vigingi, na alipoona kigingi kimekaa vibaya aliuliza kwanza kama anaweza kusema. Walibaki mpaka likizo ikaisha.

Duane hakurudi tena juu ya mapaa. Majira ya vuli alipata kazi ya kufundisha vijana uezekaji, akiwa chini, na watu wanasema sauti yake husikika mtaa wa pili. Marlys bado hapendi mbu. Lakini kila Julai hema hulisimika yeye, na Duane ndiye hugeuza chapati.