Mpango wa Kumchosha Sylus

Kimanzi alikuwa mtu wa kichinjioni. Tangu alfajiri alibeba mapaja mazima ya ng'ombe waliotoka ranchi za Ndara, akiyapakia kwenye magari ya mabucha ya Voi. Jioni alikuwa bondia wa uzani wa juu, na umri ulikuwa umeanza kumtupa mkono. Ngumi yake haikuwa tena ile ya kumlaza mtu. Alichobaki nacho ni pumzi. Kila Jumamosi alipanda barabara ya Mwanda kwa mbio, kona baada ya kona, hadi baridi ya mlimani imkute huko juu bado midomo ameifunga, akipumua kwa pua.

Sylus wa Taveta angeweza kuwa mwanawe. Alikuwa pande la mtu, na hakuna aliyewahi kumaliza naye raundi ya tatu. Siku ya kupima uzani alimtazama Kimanzi akacheka.

"Mzee, kesho nitakulaza mapema ukapumzike."

Mama yake Sylus, aliyekuja naye, alimkemea, kisha akampa Kimanzi mkono kwa heshima.

Elijah, kocha wa Kimanzi, hakujali maneno hayo. Aliona tu kwamba Sylus alipanda ngazi chache za jukwaa akafika juu akihema. "Misuli yote ile inataka hewa," alimnong'oneza Kimanzi. "Usishindane naye nguvu. Mpe mikono apige, mpe mabega. Mkikumbatiana, mlalie, akubebe. Ikifika raundi ya sita, utakuta mtu mwingine."

Pambano lilipigwa mchana, katika ukumbi wa mabati, Februari, joto likiwa kali. Watu walipozidi, walinzi walifunga milango. Ndani hewa ilisimama, na harufu ya jasho ikawa nzito kama ya zizi.

Raundi tatu za kwanza Kimanzi alipigwa mpaka mikono ikafa ganzi. Mashabiki walimzomea. Yeye alijikunja, akajiegemeza, akamlalia kijana kifuani kila alipopata nafasi. Katika raundi ya nne ngumi zikaanza kuja moja moja. Katika ya tano Sylus alifungua mdomo na hakuufunga tena. Katika ya sita, Kimanzi alianza kumpiga mbavuni, polepole, na kila ngumi ilipoingia alihisi kitu kikilegea ndani ya mwenzake. Akafurahi. Baadaye furaha hiyo ndiyo iliyomsumbua kuliko yote.

Raundi ya saba walikumbatiana, naye akashtuka. Yeye mwenyewe alikuwa ameloa chapachapa, lakini bega la Sylus lilikuwa kavu. Kavu, na la moto kama sufuria. Macho ya kijana yalikuwa yakitazama mahali fulani nyuma yake ambapo hapakuwa na mtu.

"Refa, huyu ameacha kutoa jasho," Kimanzi alisema. "Mwangalie!"

"Pigana!" refa alimjibu.

Kengele ilipolia alikwenda kwenye kona yake na kumwambia Elijah vivyo hivyo. Kocha alimpangusa uso bila kumtazama machoni. "Si ndio mpango wetu? Ameiva. Raundi moja tu."

Upande wa pili walikuwa wakimpiga Sylus makofi mashavuni ili asimame. Akasimama. Alitembea hadi katikati ya ulingo akarusha ngumi hewani, mbali kabisa na Kimanzi. Kimanzi hakupiga. Alimdaka kwapani na kumshusha taratibu sakafuni, huku akipiga kelele, "Maji! Leteni maji! Fungueni milango!" Lakini ukumbi mzima ulikuwa ukishangilia, na refa alikuwa ameshaanza kuhesabu.

Wakamtangaza Kimanzi mshindi. Mkono wake ulikuwa bado umeinuliwa juu mama yake Sylus alipopita chini ya kamba, viatu mkononi.

Sylus hakufa. Alikaa hospitalini wiki nyingi, na figo zake hazikurudi sawa. Kimanzi alikwenda kumwona akiwa amebeba machungwa. Kijana alikuwa amekonda.

"Mzee," aliuliza kwa sauti ndogo, "pambano letu ni lini?"

Kimanzi alimwangalia mama. Mama aliyapokea machungwa, akayaweka chini ya kitanda, akageukia dirishani. Kimanzi alisema tu, "Pona kwanza, kijana wangu," akatoka.

Hakuwa amefika langoni simu ilipolia. Alikuwa Elijah, sauti imemchangamka. Kulikuwa na mtu Mombasa, mkubwa kuliko Sylus, anapiga kama nyundo. "Lakini nimemtazama akifanya mazoezi. Hana pumzi, Kimanzi. Huyo ni wako."

Kimanzi alisimama juani. Tangu siku ile alikuwa amejiambia kwamba ameacha ndondi, na alikuwa ameahidi hivyo hata kwa mkewe. Alifungua mdomo aseme hapana, akajisikia akiuliza, "Ni raundi ngapi?"