Gari Niliyosema Nimeazima

Kaka yangu alikaa Ulaya miaka mingi, kazi yake kuyafungia milango magari ya umeme kiwandani. Mwaka juzi alituma fedha ninunue gari ya kumpeleka mama hospitali, akasisitiza, "Nunua ya kiwanda chetu." Nikaulizia bei. Kwa fedha ile, yao ningepata mtumba uliochoka. Ya umeme ya Wachina ningepata mpya, viti bado vina nailoni. Nikanunua ya Wachina, nikamwambia kaka nimenunua yao. Niliona ni uongo mdogo, na nani angekuja kuukagua?

Kisha kiwanda chao kikaelemewa, kikapunguza watu, na kaka akawa mmoja wao. Akarudi nyumbani.

Uwanja wa ndege nilimwona anaitazama nembo ya gari kabla hajaniangalia mimi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Iko wapi gari yetu?"

"Nshaipeleka gereji. Hii n'meazima kwa rafiki yangu."

Basi njia nzima masikio yalinichoma kwa aibu. Tulisimama sokoni Darajani kumnunulia mama halua, na kaka aliporudi garini alipitisha kidole ukingoni mwa mlango, akaufunga taratibu, akasikiliza.

"Wameufunga vizuri," alisema.

Nilitamani anune, atukane, lakini wapi! Akaanza kunieleza, kwa upole, kilichokishinda kiwanda chao. "Hawa Wachina betri wanatengeneza wenyewe. Sisi tulikuwa tunanunua kwao. Sasa we uuze maandazi, ushindane na huyo huyo anayekuuzia unga, utamweza?"

Akacheka. Mimi nilikaza macho barabarani, nikijiambia kikulacho ki nguoni mwako, na kinachomla kaka ndicho mimi. Mara mbili nilifungua kinywa nimwambie ukweli. Mara mbili nikamuuliza habari za baridi.

Tulipofika Chwaka mama alitoka mbio, anaburura kanga, akamkumbatia mwanawe, akalia. Alipokwisha kujifuta machozi, akalipiga boneti kwa kiganja, kama mtu anayemsifu mtoto.

"Mwenyezi Mungu akuzidishie, mwanangu. Hii gari uliyoninunulia ndiyo miguu yangu. Tangu ilipokuja, kliniki sijakosa."

Njia ya mwongo fupi; yangu iliishia pale pale mlangoni kwa mama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Amin, mama," kaka akaitikia. Akatoa begi lake, akaufunga mlango taratibu, ndipo akanigeukia, hana hata chembe ya hasira.

"Rafiki yako huyo," alisema, "unishukurie sana."