Jina Lililokosekana Kwenye Hitima

Ipo Jumanne moja naikumbuka, mwanangu, kila nikisikia mtu anabisha hodi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, na meli yetu imetia nanga karibu na kisiwa kimoja cha Karibi, upande wa pili wa dunia, tukingoja zamu ya kupakia sukari. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Leo nakaribia sabini, na juzi tumemzika Zuhura, ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule yangu iliishia darasa la saba. Utanisamehe nikiandika kama ninavyosema.

Zuhura alikuwa mke wa rafiki yangu Salehe. Mimi na Salehe tumekulia hapa Tongoni, tumesoma chuo kimoja cha Kurani kwa mwalimu mmoja, na tuliondoka bandari ya Tanga siku moja, meli moja ya mizigo. Yeye hakuwa na kitabu cha ubaharia. Alisafiri na cha binamu yake wa Mwera, kwa jina la binamu. Wengi walifanya hivyo siku zile. Kwa sababu hiyo, ofisi ya meli haikujua kwao ni wapi. Niliyejua ni mimi peke yangu.

Wazee wa kisiwa kile walituambia maharamia walikuwa mambo ya zamani, ya enzi za wakoloni, lakini vijana wa siku hizi wameanza tena, wana boti za mashine na bunduki. Sisi tukacheka. Salehe akasema, "Wakija nitawasomea kaswida. Kwa sauti yangu hii, watakimbia wenyewe."

Walikuja boti mbili. Amri ikatoka kwamba kila mtu aingie ndani, mlango wa chuma ufungwe. Niliyekuwa karibu na mlango ni mimi, nikaufunga, nikakaza vishikio vyote. Salehe alikuwa mbele kabisa ya meli, anakwangua kutu. Nilijua yuko kule. Hapo ndipo nikasikia hodi.

"Omari! Fungua, ni mimi! Omari, nduguyo!"

Mule ndani walikuwamo Wagiriki, Wafilipino na Wahindi. Hakuna aliyejua Kiswahili ila mimi, na nyuma ya chuma kile wao walisikia kelele tu. Msimamizi wetu akaniuliza, "Nani huyo?"

"Sijui," nikasema. "Nadhani ni wao."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kishikio, mwanangu. Aliniita mara nne. Halafu bunduki ikalia, na hodi ikakoma.

Maharamia walichukua kamba, rangi, redio na vyakula, wakaondoka kabla ya adhuhuri. Alasiri ile tulimfunga Salehe kwenye turubai tukamtia baharini. Nahodha hakutaka kungoja, wala hakukuwa na nafasi ya kumwosha. Nilimsalia peke yangu, wenzangu wamenizunguka, wakinitazama. Kisha nahodha akaandika barua, akanipa pamoja na begi la marehemu. "Wapelekee kwao," akasema.

Nilifika Tongoni baada ya miezi miwili. Njia nzima kutoka Tanga nilikuwa nayapanga maneno. Nilipoingia uani kwa Bi Mwanahamisi, mama yake Salehe, wanawake walikuwa wamejaa, na vigelegele vikapigwa kabla sijafungua mdomo.

"Mwenzio yuwapi?" mama akauliza, akichungulia nyuma yangu.

Nikamtazama Zuhura. Alikuwa amejitanda leso mpya, mikono ina hina mbichi. Maneno yote niliyoyapanga yakapotea.

"Kabaki huko, mama. Kapata meli kubwa zaidi. Hili begi lake, na salamu."

"Meli!" akadakia shoga yake mmoja. "Sema kapata mzungu!"

"Na arudi naye," Zuhura akajibu, "atanisaidia kukuna nazi."

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Barua ilikuwa mfukoni mwangu, na jioni ile niliiweka chini kabisa ya sanduku langu.

Walinisadiki kwa sababu pwani yetu imezoea. Baharia kukaa miaka ughaibuni bila barua si kioja. Yuko wa mtaa wa pili aliyerudi baada ya miaka kumi, kipara, na watoto wasiojua kusema shikamoo. Basi Salehe naye akawa mmoja wa wanaongojwa. Nilijiambia nawapa matumaini. Ukweli ni kwamba nilijua wakiuliza kafaje, nitafika kwenye mlango ule.

Miaka sita ikapita. Alitokea mtu mwema wa Pangani akataka kumwoa Zuhura, na wazee wakamshauri aende kwa kadhi akaombe kuachishwa, mume kapotea. Akakataa. Akasema mbele yangu, "Mume wangu hakupotea. Shemeji Omari kamwacha mzima." Yule mtu akaenda kuoa kwingine.

Kisha baba yake Salehe akafariki. Siku ya hitima yake, kabla ya dua, mwalimu akauliza majina ya marehemu wa nyumba ile ili wote waombewe. Bi Mwanahamisi akayataja kutoka nyuma ya pazia, mmoja mmoja, babu, bibi, dada, mtoto wake mchanga. Akamaliza. Kisha akasema, "Na mwanangu Salehe, muombeeni arejee salama."

Mwalimu akaomba. Watu wote uani pale wakaitikia amina. Nami nikaitikia amina.

Nilikuwa nimemsalia Salehe, maiti, kwa mdomo huuhuu.

Kesho yake asubuhi nilichukua barua nikaenda. Bi Mwanahamisi alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, uji u jikoni."

Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, mlango, sauti, "sijui" yangu, turubai, barua. Hakuinua uso. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikaanza kuingia kwenye nazi, nyeupe ikawa ya kahawia.

"Siku gani?" akauliza.

"Jumanne."

"Mlimwosha?"

"Hapana, mama. Nilimsalia peke yangu."

Akakiweka kifuu chini. "Mlangoni uliogopa. Hilo nitakusamehe, Inshallah, si leo. Lakini miaka sita unakula sinia moja nami, unanisikia namuombea maiti safari njema. Hapo ulikuwa unamwogopa nani, Omari? Mimi?"

Nikainama, nikaiweka barua karibu na kile kifuu.

Zuhura alikuwa mlangoni, kasikia. Hakupiga ukelele. Aliingia ndani, akavua bangili, akasugua hina kwa jivu, akavaa nguo ya kukalia eda. Mwalimu akaitwa. Na mwalimu, maskini, ilimbidi aseme lililo kweli, kwamba eda ya mjane, ile miezi minne na siku kumi, huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku habari zilipofika. Eda yake ilikwisha zamani, wakati ule anasuka nywele na kujifukiza udi, anamngoja.

Alinitazama mara moja tu. "Hata kumkalia umeninyima, shemeji," akasema. Akaenda kuivua ile nguo.

Hakuolewa tena. Tuliishi mitaa miwili mbali, miaka zaidi ya thelathini, akiitika salamu yangu na kupita.

Bi Mwanahamisi aliniamuru nije kila Alhamisi nimsomee Salehe, nitaje jina lake kwa sauti, watu wasikie. "Mdomo uliomficha ndio utakaomtaja," akasema. Alinisamehe la mlango mwaka wa tatu, akiwa mzima, tukinywa kahawa, bila mimi kuomba. Lile lingine hakulitaja tena. Alikufa hakulitaja.

Mwanangu, woga utakushika siku moja, na huenda ukakufanyisha jambo ambalo hutalisahau. Sikwambii usiogope, mimi si wa kukwambia hilo. Nakwambia, ukishabeba habari ya msiba, ifikishe siku ileile, hata kama mikono ya wanaokupokea ina hina. Usijifanye unawahurumia, jiulize kwanza unamhurumia nani. Mfiwa ana siku zake za kulia, ana dua zake, ana eda yake, na ukimfichia maiti wake umemwibia vyote hivyo, wala huwezi kumrudishia. Na ukishakosea kama mimi, usingoje miaka sita. Nenda asubuhi, simama, sema.

Alhamisi hii nitakwenda tena. Majina yameongezeka. Nitamtaja Salehe bin Hamisi, nitamtaja mama yake, na kwa mara ya kwanza nitamtaja Zuhura.

Mungu akujaalie moyo wa kufungua unapoitwa. Na ukishindwa, akupe ulimi wa kukiri mapema, wangali hai wa kukusamehe. Amina.